Mkono wa shati uliochomoka mbele ya bosi

Jamani, leo nimezuia mzigo mzima kiwandani!

Mimi ndiye mkaguzi wa mashati ya shule hapa mtaa wa Bertrams. Nilivuta mshono wa kwapa, ukaachia. Nikavuta wa pili, vilevile.

Bosi akaja mbio. "Mama Neema, gari linasubiri!"

"Vuta mwenyewe, bosi."

Akavuta. Mkono wa shati ukachomoka wote. Eish!

Akauliza taratibu, "Nani alikufundisha hivi?"

Nikamjibu:

"Baba. Alikuwa fundi cherehani Bukavu."

Baba alivuta kila mshono mbele ya mteja. Utotoni nilikuwa naona aibu, nikijificha nyuma ya pazia.

Mashati yote yanashonwa upya.

Nimemtaja baba kazini leo, mara ya kwanza tangu tumzike.

Ninyi je, nani aliwafundisha kazi?