Jiwe Lililobeba Ghala

Sisi tuliokulia kijijini Itiryo kabla ya simu hatukuwa na midoli, tulikuwa na mawe. Tulichunga mbuzi huku macho yakiwa chini. Kulikuwa na mawe meusi mazito kama chuma, ya kijani, na yale yenye vumbi la kung'aa linaloganda vidoleni. Ukiokota jiwe ulililamba kwanza, maana jiwe likilowa ndipo linaonyesha rangi yake. Vijana wa leo wakiona jiwe wanalipiga picha, halafu wanaiuliza simu ni jiwe gani. Sisi tulilamba udongo, na hatukufa.

Nililolipenda kuliko yote lilikuwa jeupe, bapa, lenye michirizi ya njano. Mjomba wangu, aliyekuwa mchimbaji mdogo, aliligeuzageuza juani akasema hiyo ni dhahabu ya kudanganya tu. Sikujali. Watoto wa vijiji vya jirani walikuja kulitazama, nami nikajiona mtu wa maana.

Mwaka mmoja mchwa walikula mguu wa ghala letu la mtama, likainama. Baba akatafuta kitu cha kuweka chini yake, akaliona jiwe langu, akalisukumia pale. Nikalia sana. Baba akasema, "Linang'aa, lakini haliliwi. Siku ghala likiwa tupu utalichukua."

Basi nikawa napanda kuchungulia ghalani kila asubuhi. Siku moja nikamuuliza mama, "Mtama utaisha lini?"

Mama aliacha kupepeta. "Wewe Bhoke, unatuombea njaa?"

Mimi nilitaka jiwe langu tu.

Msimu ule mvua ikagoma, na uliofuata pia. Mtama ukaisha kweli. Baba akalitoa jiwe, akalifuta kwa shati lake, akanipa. Nililala nalo, tumboni nina uji mwembamba wa muhogo, mdogo wangu analia njaa pembeni. Sikuwa na furaha yoyote. Nilitamani lirudi chini ya ghala lililojaa.

Siku hizi hata Itiryo maghala ni ya kutafuta. Mahindi yanakaa kwenye magunia sebuleni, pamoja na televisheni. Jiwe langu liko kwenye kabati la vioo hapa mjini Tarime. Wageni wanalisifu, wanangu wanapiga nalo picha. Mama peke yake ndiye hajalizoea. Akija kututembelea, tukishamwamkia tu, anachukua kitambaa cha meza analifunika, kisha anaenda jikoni kuangalia kama tuna unga.