Tunda Liko Nyuma

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la kompyuta mjini Thika, nikingoja chaja yangu itengenezwe. Akaingia mama mmoja na mwanawe anayesoma chuo. Mikono ya mama ilikuwa imechanwachanwa na majani. Ni kibarua wa kuchuma mananasi.

"Kwani laptopu yako imeharibika?" mama akamuuliza kijana.

"Haijaharibika, mum. Lakini class yote iko na hizi za alama ya tunda lililoumwa."

Mama akaketi mbele ya hiyo mpya iliyokuwa mezani, akakagua kioo, akapapasa vibonye.

"Hilo tunda liko wapi? Mbona silioni?"

"Liko nyuma, mum. Ukifungua, wale wamekaa mbele yako ndio wanaliona."

"Na wewe unaona nini?"

Kijana akainamisha kichwa, akaanza kufuta kifuniko kwa mkono wa shati. Mama akamtazama sana, kisha akamgeukia muuzaji. "Haya, mfungie."

Mpaka leo nimekasirika. Mama anachuma mananasi yaliwe na watu asiowajua, na mwanawe atabeba tunda litazamwe na watu wasiomjali. Siku hiyo, aliyechuma kweli ni mwenye duka.