Majani ya Kitonga

Nilitengeneza gemu la mbio za magari kwenye kompyuta yangu hapa Mbeya, na barabara niliyochagua ni mteremko wa Kitonga, kule Iringa. Kona zote nilizipima kwa picha za setilaiti, hata rangi ya miamba sikuibahatisha. Mtu wa kwanza kulijaribu alikuwa baba, aliyeendesha malori njia hiyo mpaka alipostaafu. Aliteremka mara moja tu, akanirudishia padi ya kuchezea.

"Hii siyo Kitonga. Majani yako wapi?"

Iliniuma, lakini wiki nzima nikaotesha nyasi pembeni mwa lami. Alipoziona alisonya.

"Nani kakuambia habari za nyasi? Gari likikufia konani, si unakata matawi unayatandaza barabarani, anayekuja nyuma ajue?"

Nilijiona mjinga, maana majani hayo nayajua tangu utotoni. Nikayatandaza kabla ya kona, na mbele ya kona nikaweka lori bovu.

Jana baba alijaribu tena. Breki ya gemu iko kidoleni, lakini alipoyaona majani, mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia kwa nguvu.