Madam Nasimiyu, mwanaanga na kitabu cha wageni

Tangu jana nashika simu, naiweka. Kichwa bado kinakataa. Madam Nasimiyu hayuko tena, jamani.

Kwa wale hamkumjua: tulifundisha pamoja shule moja ya msingi huku eneo la Kwanza, nje ya Kitale, enzi za simu ndogo za tochi, mulika mwizi. Meza zetu staffroom ziligusana. Yeye sayansi, mimi hesabu na ubishi.

Huyu mama alikuwa anakusanya sahihi za wanaanga. Ndiyo, umesoma vizuri. Sisi wengine tulikuwa tunahangaika na mbegu ya mahindi.

Sahihi ya kwanza ilikuja kwa posta, juu ya picha, kutoka ng'ambo. Akaizungusha shule nzima. Halafu mwalimu mmoja wa Cheptais akamwonyesha yake: herufi zile zile, mkunjo ule ule. Kumbe ni mashine ilisaini zote mbili.

Hakulia. Alisema tu, "Kamau, mimi nataka kuona mkono. Mkono ya mtu ametoka huko juu, ikishika biro."

Akapanda basi hadi Nairobi, kwa hafla ambako mwanaanga mwingine alikuwa anasaini. Foleni ikafungwa akiwa wa saba kutoka mezani. Jumatatu alikuwa darasani kama kawaida.

Halafu tukasikia mwanaanga mstaafu, mzee wa Kimarekani, anakuja Bungoma kutembelea marafiki zake wa kanisa, na Jumamosi atakaa ukumbini asaini. Kila mtu na kitu kimoja.

Ijumaa jioni nikamwona Madam anatia kitabu cha wageni cha shule kwenye mfuko. Kile kikubwa cha ofisini, chenye safu za jina, unakotoka, sababu ya kuja, maoni, sahihi.

"Wee Madam, hiyo ni mali ya shule! Si ubebe picha kama watu?"

"Picha hata mashine inasaini, bana. Hii lazima mtu ajaze mwenyewe. Ama mashine itajua sababu ya kuja?"

Nilicheka mpaka basi. Lakini nikaenda naye. Nani angekosa?

Ukumbi ulifurika. Wanafunzi wa sekondari walishika atlasi. Mama mmoja mbele yetu alileta Biblia, na yule mzee akaisukuma kwa adabu, akasema hicho si kitabu cha yeye kusaini. Nilikuwa nimeenda kucheka, ila pale nikajikuta nimevua kofia.

Ikafika zamu yetu. Madam akamsalimia kwa mikono miwili, akauliza kwa Kiingereza chake cha darasani: kama huko juu jua linachomoza mara kumi na sita kwa siku, maombi ya asubuhi alikuwa anafanya mara ngapi?

Mzee akaweka kalamu chini. Alisema mwanzoni alijaribu kuomba kila linapochomoza. Baadaye maneno yakamwishia, akawa anaangalia tu.

Akatuambia aliuona mlima wetu. Elgon, mviringo kabisa, kama alama ya kikombe cha chai mezani. Mimi nimelima chini ya mlima huo tangu utotoni, na sikuwahi kuuwaza hivyo.

Kisha akajaza safu zote kwa mkono wake, taratibu, Madam akifuata kila herufi kwa macho. Kwenye sababu ya kuja aliandika: "Niliwahi kupita juu ya shule hii. Nimekuja kusalimia."

Tulirudi pamoja. Madam akashuka njiani na kitabu chake aende Tongaren, amwonyeshe mamake.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Jumatatu asubuhi maafisa wa elimu wakaingia shuleni bila taarifa, na Madam bado amekwama kwenye matope ya Tongaren. "Kitabu cha wageni kiko wapi?" Mwalimu mkuu akatuangalia.

Wapendwa, ni mimi niliyesema. "Iko na Madam Nasimiyu." Haraka, kama mtoto anayeogopa kiboko. Na wala sikuwa nimeulizwa mimi.

Madam akapewa show cause, barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini asiadhibiwe. Kutoa mali ya shule bila ruhusa: angeweza kufutwa kazi, na watoto watatu alikuwa anawalea peke yake. Wiki mbili sikulala vizuri, na bado sikufungua mdomo.

Siku ya kujitetea mbele ya kamati hakuleta barua yoyote. Aliweka kitabu mezani, akakifungua. "Sababu yangu iko hapo, mstari ya nne."

Afisa akasoma. Akasoma tena, midomo ikisogea. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu alifika huko juu kweli?"

"Alifika, afisa. Mimi nimeshika mkono yake."

Yule afisa akatoa kalamu, akasaini mstari uliofuata. Kwenye maoni, pale wenzake huandika "Keep it up" kila mwaka, alifikiria sana, kisha akapaacha wazi. Kesi ikaishia hapo.

Mimi nikanyamaza miaka yote. Alinimiminia chai ya saa nne kila siku. Alisimama nami kwenye harusi yangu, akambeba kifungua mimba wangu kabla ya mama yangu mzazi. Kila mara nilisema nitamwambia kesho.

Jana binti yake alinipa faili ya karatasi zake nimsaidie kuandika eulogy, ule wasifu wa kusomwa mazishini. Ndani kuna nakala ya ile show cause, ambayo sikuwahi kuiona. Mstari wa pili: "kama ilivyoripotiwa na Mwalimu Kamau."

Alijua. Tangu siku ile aliyopewa barua, Madam alijua.

Nimekaa na hiyo karatasi tangu asubuhi. Watu tulipanga foleni Bungoma kumshangaa mtu aliyetoka nje ya dunia, na aliyekuwa wa kushangaza nilikuwa nimesimama naye.

Madam, nilitaka kukuomba msamaha hapa mbele ya watu wote. Naona ulinisamehe kitambo, hukunisubiri. Lala salama, dada yangu.