Mwanzi Uliojua Shikamoo

Enzi zetu ufito wa kuvulia haukununuliwa. Uliutafuta mwenyewe, ukauchonga, ukauweka darini juu ya moshi wa jikoni, ukasubiri hadi uamue wenyewe kama utakuwa ufito au utakuwa kuni. Nyie mliokulia Kimamba tulipokuwa watoto mtanielewa. Tulikwenda shule na fagio begani na muhogo wa kuchemsha mfukoni, tukirudi tunacheza kombolela kati ya mistari ya mkonge uliokwishaachwa, unatoka umechomwa miguu yote na bado unacheka. Nyumbani unakuta maharage yanatokota na Bibi anauliza, bila kugeuka, "Shikamoo yako umeiacha shule?"

Mimi shule niliiacha mapema, hata la saba sikufika. Nimezunguka sana tangu hapo, nimelala stesheni nyingi kuliko vitanda, na kila nilikofika nimeuliza watu wanavyovua. Wako wanaovua kwa nyavu, kwa mitego, kwa sumu ya majani. Lakini sijakutana na aliyejua kuchagua ufito wa kurusha mzigo mzito kama mjomba wangu Rashidi.

Mzigo mzito ulihitajika kwa sababu ya lambo. Lile lambo la zamani la shamba la mkonge mnalikumbuka: maji meusi, magugu ukingoni, na katikati kile kibanda cha pampu kilichozama, paa tu likionekana wakati wa kiangazi. Kambale wakubwa walikaa pale kwenye kibanda. Ndoana ya kawaida yenye mnyoo haikufika hata nusu ya njia. Mjomba alikata kichwa cha upawa wa Bibi, upawa mzima, wa bati jeupe, akakitoboa, akafunga ndoana nyuma na nati ya reli mbele. Alikiita kijiko. Kikivutwa majini kilipepesuka kama samaki aliyejeruhiwa, na kambale hawakuweza kuvumilia. Bibi alinung'unikia upawa wake hadi alipoonja mchuzi wa kambale wa kwanza.

Kijiko kile kilivunja fito nyingi. Mlingoti wa mkonge ni mwepesi, unapendeza mkononi, lakini ukiupa mzigo unalia kah, umekatika. Fito za mkole zinakunjika mno. Unarusha, kijiko kinabaki nyuma yako na kinakutafuta kisogo. Mwanzi mbichi unachosha mkono. Mjomba alitaka mwanzi wa milimani, mnene kwenye kitako, unaopungua kidogo kidogo hadi nchani. Nchani alifunga kipete cha spoki ya baiskeli, mshipi ukapita humo, na mshipi wenyewe akauzungusha ndani ya beseni chini ili ufumuke bila kukwama. Kisha alikuwa na jaribio lake. Alining'iniza kijiko nchani na kuachia. Mwanzi mzuri uliinama, ukatulia kidogo, ukainuka taratibu.

"Umeona?" alimwambia binti yake Zuhura. "Umeamkia, umeitikiwa, ndipo umeinuka. Ufito usiojua shikamoo ni wa kuchungia mbuzi."

Zuhura na mimi tulilelewa na Bibi pamoja. Yeye alinizidi kidogo kwa umri na sana kwa ukaidi. Mama yake alikwishaolewa kwingine, kwa hiyo baba yake ndiye aliyekuwa dunia yake.

Masika moja Mjomba alirusha kijiko jioni, kikanasa kwenye kibanda cha pampu, mshipi ukakatika. Alirudi mikono mitupu akisema atakifuata maji yakipungua. Usiku akashikwa na homa. Barabara ya Kilosa ilikuwa imekatwa na maji, hakuna gari wala baiskeli. Wanaume wakafunga shuka kwenye mwanzi, wakamlaza ndani, wakambeba mabegani wakipokezana. Hawakufika hospitali. Waligeuza naye njiani, wakarudi naye kwenye mwanzi uleule.

Kwetu mti uliombeba mtu namna hiyo haurudi nyumbani. Haupasuliwi kuni, haujengewi banda la kuku. Unalazwa ukingoni mwa makaburi, mchwa waule polepole. Hata mbuzi, nadhani, waliujua mwiko huo; majani yaliyouzunguka yalikuwa marefu kuliko mengine.

Baada ya arobaini nguo za Mjomba ziligawiwa, kama desturi ilivyo. Shati kwa huyu, kanzu kwa yule, viatu kwa aliyetoshewa. Zuhura hakupata kitu. Binti angefanya nini na suruali? Kisha habari ikaja kwamba shangazi yake aliyekaa Mikumi atakuja Jumamosi kumchukua. Usiku ule aliniambia kitandani, "Siondoki bila kijiko cha baba."

Tukaanza kutafuta ufito. Tulitengeneza kijiko chetu kwa kipande cha sufuria na nati, tukakitia ndoana kubwa, tukajaribu kila kilichosimama wima Kimamba. Milingoti ikalia kah. Mikole ikatutandika visogo. Mianzi ya darini ya Mjomba ilikwishachukuliwa na majirani kuezekea. Siku zikayeyuka. Ijumaa baada ya swala Zuhura akanishika mkono, akanipeleka makaburini, akasimama juu ya yale majani marefu.

"Huo hapana," nikasema. "Zuhura, huo ulimbeba mtu."

"Ulimbeba baba. Unajua uzito wake."

Aliutoa. Haukuwa na mchwa hata mmoja. Ulikuwa mkavu, wa manjano, umenyooka, kama uliokaa darini juu ya moshi kipindi chote kile cha mvua. Akafunga kipete, akaning'iniza kijiko chetu. Mwanzi ukainama. Ukakaa chini muda mrefu, mrefu kuliko nilivyowahi kuona, hata nikadhani umekufa. Ndipo ukainuka, taratibu sana. Zuhura akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nywele zilinisimama.

Lambo siku ile lilikuwa kimya. Hakukuwa na vyura, na si kawaida ya lambo kukosa vyura. Mwanzi ulikuwa mkubwa kwetu, tukaushika wote wawili, yeye kitakoni mimi mbele yake, tukauzungusha kwa mabega. Naapa hatukutia nguvu. Kijiko kiliruka, mshipi ukafumuka kwenye beseni ukipiga mluzi, ukaendelea kufumuka wakati tulipotegemea usimame. Kikaangukia nyuma ya paa la kibanda. Hata Mjomba hakuwahi kufika pale.

Tulipovuta, kitu kikashika. Hakikuwa kibishi kama mti uliozama, wala hakikuruka kama samaki. Kilikuja. Tulivuta kidogo kikaja kidogo, kama mtu mzima anayemfuata mtoto aliyemshika kidole. Kilipofika kwenye magugu Zuhura aliingia majini hadi kiunoni na kukipokea kwa kanga yake. Ndoana yetu ilikuwa imenasa mshipi wa zamani wenye fundo la Mjomba, lile la kupinda mara mbili ambalo hakumfundisha mtu mwingine. Mwisho wa mshipi kilikuwapo kichwa cha upawa wa Bibi. Kilikaa majini masika nzima na zaidi, lakini hakikuwa na utelezi wala tope. Kiling'aa kama kilichosuguliwa kwa majivu asubuhi ileile.

Zuhura hakulia. Alikifunga katika kanga iliyolowa, akaitundika kanga katikati ya mwanzi, tukauweka mabegani, yeye mbele mimi nyuma, tukashika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Hatukufikiria tunafanana na nini.

Mnajua kwetu ukikutana na jeneza huulizi ni la nani. Unasimamisha shughuli yako, unaingia chini, unabeba hatua chache, unamwachia mwingine. Basi alikuja mzee mmoja na baiskeli, mgeni, nadhani wa Mvumi. Alipotuona aliilaza baiskeli majanini, akavua kandambili, akaja kunipokea bega. Nilishtuka hata shikamoo ikanitoka nusu. Akatembea. Nikaona shingo yake inakaza na magoti yake yanakunjika.

"Innalillahi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni mtoto. Kumbe mtu mzima."

Zuhura, bila kugeuka, akamwambia, "Babu, ni kanga tu."

"Kanga gani inamlemea mtu hivi, mjukuu wangu?"

Ndipo alipoangalia katikati ya mwanzi, akaiona kanga na umbo dogo la kijiko. Hakuutupa mwanzi. Aliushusha begani kwangu kwa mikono miwili, polepole, kama anayekabidhi kitu kinachosikia. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Msisimame njiani," akasema. "Mfikisheni." Niliusubiri ule uzito begani kwangu. Haukuja. Kwangu ulikuwa mwanzi na kanga mbichi.

Bibi alikuwa jikoni, hajatuona bado. Tulipofika uani tulimsikia akiuliza, "Na nani huyo mwingine?"

Akatoka, akauona mwanzi. Niliinamisha kichwa nikingoja fimbo, maana kwa kosa dogo kuliko hilo Bibi alichapa. Yeye alivuta kanga yake akajifunika kichwa kama siku ya msiba. Akamtazama Zuhura.

"Umepata ulichofuata?"

"Nimepata kijiko, Bibi."

"Kijiko kiingie. Mti usiingie."

Akauchukua yeye mwenyewe. Nakumbuka mzee yule alivyolemewa, na nakumbuka Bibi, aliyekuwa mdogo wa mwili na mgonjwa wa mgongo, akiubeba mwanzi ule kifuani peke yake bila kuhema, hadi makaburini. Aliulaza palepale. Yale majani marefu yalikuwa wima, hayakulala hata kidogo, kana kwamba hapakuwahi kutolewa kitu. Akauwekea mkono juu, akasema maneno kwa Kisagara, lugha aliyoitumia na ndugu zake tu. Mimi mdadisi nilimwuliza maana yake mpaka akafa. Alikuwa akinijibu, "Sikusema na wewe."

Jumamosi Zuhura alikwenda Mikumi, kijiko kimefungwa kwenye ncha ya kanga.

Mwezi uliopita nilipita Mikumi. Zuhura ana banda la chapati na supu pale madereva wa malori wanapopumzika. Mwanawe Hamisi alinipokea na fimbo ya kuvulia ya kisasa, nyeusi, nyepesi kama unyoya, aliyoiagiza kwa simu. Anataka kwenda nayo Kidatu. Kijana huyu hajawahi kuchimba mnyoo, lakini anajua majina ya samaki wa nchi za baridi ambako hata nyanya hazioti. Kujua uvuvi kwake ni kutazama video za Wajapani na kutikisa kichwa kana kwamba anaelewa.

"Mjomba, hii inabeba mzigo mkubwa. Imeandikwa hapa ubavuni, ona."

"Inajua shikamoo?" nikamwuliza.

Akacheka, akamtazama mama yake, akidhani mjomba amezeeka. Zuhura hakucheka. Alikwenda ndani akarudi na kijiko. Bado kinang'aa. Hamisi akakifunga nchani, akaishika fimbo kitakoni, akaachia.

Fimbo ikainama. Tukasubiri. Ikazidi kuinama, ncha ikagusa sakafu, na mikono ya yule kijana mwenye kifua cha gym ikaanza kutetemeka.

"Mama, mbona kizito hivi? Si kijiko tu?"

Zuhura akaepua kikaango, akajifuta mikono, akavua kandambili. Akaingia chini ya ile fimbo na kuiweka begani. Nami nikavua viatu, nikaenda nyuma yake. Hapo ndipo ilipoinuka, taratibu.

Vitu vya siku hizi vinakuja vimeandikwa uzito vinaoweza kubeba, na vijana wetu wanasoma na kuamini. Siwalaumu; ni vizuri, ni vyepesi, havikatiki. Lakini enzi zetu hakuna aliyeuliza mzigo ni kiasi gani. Uliukuta njiani, ukavua kandambili, ukapokea. Hamisi bado ananiuliza kwenye simu kulikuwa na nini kwenye fimbo siku ile, na mimi, niliyeuliza kila mtu kila kitu maisha yangu yote, nimejikuta namjibu kama Bibi.