Mgomba Badala ya Mwili

Mume wangu alichukuliwa na mto Tana siku ya Jumamosi, tarehe 11 Mei. Maji yalikuwa yamepanda, naye alishuka kuinusuru pampu ya shamba letu dogo la ukingoni. Waliokuwa ng'ambo walisema walimwona mamba. Wengine wakasema lilikuwa gogo. Hatukupata hata shati.

Jirani yangu, mama wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, alikuja kuketi nami. "Abaayo," aliniambia, kama anavyomwita dada yake, "kwetu aliyekufa maji ni shahidi. Anaombewa hata kama mwili haupo. Yamekwisha."

Nililionea wivu neno lake la mwisho. Kwetu, magharibi mwa nchi, hayakuwa yamekwisha: asiyepatikana huzikiwa mgomba, ukavikwa sanda na kulazwa kaburini mahali pake. Kila mwezi ndugu wa mume wangu alinipigia simu.

"Shemeji, mgomba tumeshauchagua. Tunakungoja wewe tu."

"Nizike ndizi?"

"Tangu uingie chuo, huambiliki!"

Ni kweli nilikuwa nimeingia chuo. Mimi niliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na kitindamimba wangu, nikampita kwa alama, nilikuwa nikisomea stashahada ya dini na historia.

Jumanne, tarehe 4 Februari, mhadhiri wetu, kijana aliyetoka bara kama sisi, alifundisha habari za ufufuo. Wakristo wengi wa karne za mwanzo, alisema, hawakutarajia roho peke yake. Walitarajia nyama hii hii na mifupa hii hii. Walipodhihakiwa kuhusu walioliwa na samaki, walijibu kwamba Muumba anajua kila chembe iliko. Kisha, huko Ulaya, zikaja Zama za Mwangaza. Wanafalsafa wakauliza: samaki akimla mtu, na mtu mwingine akamla samaki yule, nyama ile itafufuka ikiwa ya nani? Na ni ushahidi gani utakaoyashinda yale ambayo binadamu wote wameyaona, kwamba maiti haamki? Baadhi ya waliotaka kubaki na imani wakaona heri wauache mwili, washike roho isiyokufa.

"Na aliyeliwa na mamba je, mwalimu?" akauliza mwanafunzi mmoja wa nyuma. Darasa likacheka. Hakujua habari zangu. Nilikaa wima, nikaendelea kuandika.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata mhadhiri. "Kwa hiyo aliyeliwa hafufuki?"

"Mama, mimi sisemi hivyo. Wao ndio waliouliza."

"Na wewe wasemaje?"

Akaufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. "Lakini roho si inatosha, Mama?"

Hainitoshi. Sikuolewa na roho. Niliolewa na mtu aliyekoroma, mwenye kovu la jembe kwenye kifundo cha mguu, ambaye kidole chake kilitangulia changu kwenye mstari nilipojifunza kusoma ukubwani. Swali la wanafalsafa lilikuwa la haki, nami sikuweza kulijibu. Jibu la wale wa kale ndilo pekee nililolitaka. Niliona kwamba nikiukubali mgomba, nitakuwa nimekubali kuwa hakuna mwili wa kungoja. Lakini mama mkwe wangu ni mzee, naye alihitaji kaburi la kukaa kando yake.

Nikampigia shemeji. "Zikeni. Ila padre asisome maneno ya ufufuo juu ya mgomba."

"Mgomba? Huo ndio huchipua kila ukikatwa, shemeji!"

"Huchipua mgomba. Hauchipui mtu."

"Sasa asome nini?"

"Jina lake, na tarehe aliyozaliwa."

"Na ya kufa?"

"Hiyo hakuna aliyeishuhudia."

Tulizika Jumamosi, tarehe 8 Machi. Padre alisoma jina, akasoma tarehe, akafunga kitabu. Watu walisubiri. Hakuna aliyejua aanzishe wimbo gani. Ndipo mama mkwe wangu akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamwambia kwamba chakula kinapoa. Nami, niliyejizuia tangu Mei, nikapiga magoti kando yake, nikamwita pia.