Ukuta wa Bibi

Juzi nilimpeleka mama hospitali, hapa Korogwe. Jengo ni jipya, bado linanukia rangi, na mlango wake ng'ombe wawili wangepita bila kugusana pembe. Nilimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu peke yangu, hakuna kona iliyotukwaza. Alipopita aliugusa ule mlango kwa kiganja. Nilijua mawazo yake yamekwenda wapi, maana na yangu yalikuwa yameshafika: Handeni, kwenye zahanati ya kijiji chetu, enzi za Ujamaa, mimi nikiwa bado nang'oa meno ya utoto.

Wewe uliyekua nyakati zile huhitaji kuelezwa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari, na siku ya kujitolea kijiji kizima kilitoka. Wanaume walifyatua matofali, wanawake walileta maji kutoka lamboni, sisi watoto tulikanyaga udongo mpaka magoti yakawa mekundu. Mchana tulikula bada, ugali wa muhogo, kwa mboga ya mchunga, na mchunga wa siku zile ulikuwa mchungu kweli, si huu wanaotuuzia sasa. Hivyo ndivyo zahanati ilivyoinuka.

Ramani ilitoka wilayani. Mlango wa chumba cha kuzalia ulitazama moja kwa moja ukumbi wenye mabenchi ya wagonjwa. Bibi yangu, mzaa baba, alipouona aliinuka kwenye mkutano. "Mimi nimezaa watoto wangu wote nyuma ya mlango uliofungwa, marehemu mume wangu hakusikia hata kuguna. Leo mnataka wakwe zetu wazae mbele ya wazee wanaosubiri dawa ya kikohozi?"

Nesi, binti wa mlimani Vugiri aliyeletwa kwetu na serikali, alijaribu kumtania. "Bibi, si mnasema wenyewe mficha uchi hazai?"

"Basi hao wanaoficha watazalia porini, mwanangu, na wewe utabaki na kitanda chako."

Watu walicheka, lakini mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku haikupita bila yeye kusema penye wengi hapaharibiki neno, alikubali. Ukajengwa ukuta wa ndani mbele ya mlango ule, wa matofali mabichi kwa kuwa saruji ilikuwa imekwisha, ukapakwa chokaa. Kuingia kwa nesi ikawa ni kuuzunguka kwa kichochoro chembamba. Tuliuita ukuta wa bibi.

Usidhani ulikuwa upuuzi. Wanawake walianza kuja. Walikuja kwa miguu yao, wameshika kiuno, wakapotelea nyuma ya ukuta bila mtu kuona nyuso zao zikikunjamana. Taabu ilimwangukia nesi. Ukuta ulimnyima mwanga, akawa anawasha kandili mchana, na kila mgonjwa akianguka ukumbini ilimbidi azunguke mbio. Lakini hakulalamika, kwani sasa alikuwa na watu wa kuwahudumia.

Jambo moja tu halikumjia mtu akilini. Kwetu mgonjwa akizidiwa hubebwa juu ya kitanda cha kamba, na hakuna mwanamume pale kijijini ambaye bega lake halikuwahi kubeba. Wote wale, wenye mabega yale, walijenga kichochoro kile na kukisifu.

Ilikuwa msimu wa palizi. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, na mama na mimba yake pevu alikuwa akipalilia shamba letu la zamani. Nilikuwa naye. Aliangusha jembe, akashika tumbo, nikaona damu ikimshuka miguuni. Nilikimbia nikipiga mayowe mpaka bibi na majirani wakaja na kitanda. Njia nzima bibi alitangulia akikwanyua matawi ya miiba, nami nikafuata nyuma na jembe la mama begani, kwa sababu hakuna aliyeniambia niliache. Nilizitazama kamba za kitanda zikibadilika rangi.

Wabebaji waliingia mlango mkubwa bila shida, wakakata kona ya ukuta, na kitanda kikanasa. Hakiendi mbele wala hakirudi. Nesi alikuwa upande wa ndani pamoja na vifaa vyake vyote, na alichoweza kukifikia ni kichwa cha mama. Huku kwetu ilibaki miguu, na damu.

"Acheni kuvuta! Mnammaliza!" nesi alipiga kelele. "Nipeni njia nipite!"

Njia yenyewe haikuwepo. Mbebaji mmoja akasema ukuta ubomolewe. Mwenyekiti akanyanyua mikono. "Hii ni mali ya umma, jamani. Ngojeni kwanza nitume mtu wilayani." Wanaume wakatazamana, na mimi niliyachukia macho yao yote kwa wakati mmoja.

Bibi alinigeukia, akalitwaa jembe begani pangu. "Ukuta huu niliujenga mimi kwa mdomo wangu," alisema. "Mficha uchi hazai." Akapiga. Akapiga tena. Hapo wanaume wakazinduka, wakausukuma kwa mabega, ukaporomoka. Vumbi lilipotulia jua la mchana liliingia chumba kile, na mama akaonekana wazi mbele ya kila aliyekuwa kwenye mabenchi. Bibi alisimama na jembe lake akilia. Sikuwahi kumwona akilia.

Ndipo wanawake waliokuja kutibiwa walipoinuka. Hakuna aliyewaamuru. Kila mmoja alifungua khanga yake ya juu, wakaunganisha ncha kwa ncha, wakawazunguka mama na nesi, nyuso zao wakazigeuza nje. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa mgongoni, na hakushusha mikono. Mimi nilikaa chini ya pindo zile nikimsikiliza nesi akimwambia mama asilale, asilale.

Mama alipona. Mdogo wangu hakulia.

Ukuta haukujengwa tena. Ilifungwa kamba, na mwanamke akienda kuzaa, majirani walileta khanga zao wakazitundika, kila nyumba na yake, na wenyewe wakabaki pale pale mpaka mtoto asikike. Sijui desturi ile ilikufa lini. Zahanati yenyewe sasa ni stoo ya mbolea.

Kule hospitali juzi, muuguzi alimlaza mama, akavuta pazia kwenye reli yake. Halikufika mwisho. Lilibaki pengo, na ng'ambo yake wanaume kwa wanawake wamekaa, kila mtu na simu yake. Mama alianza kuvuta gauni lake lifunike magoti. Nilifungua khanga yangu, nikainyoosha kwa mikono miwili kwenye lile pengo, nikageuza uso nje.

Nyuma yangu nikamsikia akiuliza, taratibu, "Wenzako wako wapi, mwanangu?"

"Niko mimi, mama."